Mkebe wa Bati na Mayai ya Kunguni wa Kahawa

Wajukuu zangu, na ninyi vijana wengine mnaonisimamisha barabarani mkiniuliza, "Shikamoo Bibi, eti ni kweli ulikuwa unapiga picha kwa kopo?" Marahaba, na ndiyo, ni kweli. Leo nitawaeleza yote. Msinikatize sana, maana nikikatizwa nakasirika, na nikikasirika nasahau nilipofika.

Jina langu Salome. Baba yangu alitoka Singida akaja kukata miwa kwenye mashamba ya chini ya Moshi, kule kwenye joto, nami nikakulia kwenye kambi za wafanyakazi. Kichagga sikukijua hata salamu. Nilipomaliza shule nikapata kazi kwenye kituo cha utafiti wa kahawa huko juu mlimani, nikatetemeka kwa baridi mwezi mzima. Wakaniweka chumba cha giza, kusafisha mikanda na kuchapa picha. Baadaye nikakabidhiwa kamera yenyewe.

Kazi yangu haikuwa harusi wala ubatizo. Nilipiga picha za majani yenye kutu, buni zilizooza, na wadudu wadogo ambao mkulima anawapita kila siku asiwaone. Picha zilichapwa kwenye mabango, mabango yakabandikwa kwenye maghala ya kahawa na ofisi za vijiji, ili mtu amjue adui yake kwa sura kabla hajaanza kumwaga dawa hovyo.

Sasa ninyi mnachomoa simu, mnaisogeza kwenye jicho la nzi, tayari. Sawa, hongereni. Lakini nikiwauliza picha imepatikanaje, mnanitazama tu. Mimi naweza kuwaambia, kwa sababu ilibidi niitengeneze njia yote kwa mikono, kuanzia bati.

Siri yenyewe ni ndogo mno, mtanicheka. Lenzi ya kawaida ya kamera haioni vizuri kitu kilicho karibu sana. Ukiitenga na kamera, ukaweka bomba tupu katikati, inaanza kuona karibu. Bomba likirefuka, kitu kinazidi kuwa kikubwa. Na ukiigeuza lenzi, mbele ikawa nyuma, ndiyo inaona karibu zaidi. Basi. Bomba tupu, ndani hamna kitu ila hewa. Wazungu walikuwa wanatuuzia hewa kwa bei mbaya, na sisi tukashukuru!

Hilo sikulijua mpaka nilipofanya kosa langu. Tena ngoja niwaeleze kosa, maana bila hilo ningekuwa bado natumia vitu vya dukani na nisingekuwa na cha kuwaambia.

Mkubwa wangu wa kazi aliitwa Bwana Kaanaeli. Alikuwa mtu wa Marangu, mrefu, mkavu, shati lake limepigwa pasi hata siku ya kuingia shambani kwenye matope. Hakuwa mtu wa kusifu. Picha yangu ikiwa mbaya alikuwa anaigeuza kifudifudi mezani, anaendelea na kazi zake, nami naelewa. Lakini ndiye aliyenifundisha. Siku moja nilimletea picha nzuri ajabu ya kunguni wa kahawa, yule mwenye mabaka meusi na ya rangi ya chungwa, anang'aa kama shanga. Akaitazama, akasema, "Salome, huyu hata mtoto anamjua. Akishafika hapa amekwishaharibu buni. Kipindi gani mkulima anaweza kumwahi?"

Nikasema, "Akiwa yai."

"Sasa nani amewahi kuyaona mayai yake?"

Hakuna. Yako chini ya jani, madogo kama vichwa vya sindano, kumi na mbili pamoja, yamepangwa vizuri kama mtu aliyepanga vikombe kabatini. Mtu analipita jani hilo maisha yake yote. Kwa hiyo kazi ikawa hiyo: bango la mayai, na liwe tayari kabla ya mvua za masika.

Kituo kilikuwa na lenzi moja tu ya kupigia vitu vidogo, ya kutoka ng'ambo. Moja. Ndiyo miaka ile ya kupanga foleni ya sabuni na sukari, fedha za kigeni hakuna, kitu kikiharibika kimeharibika. Nami nilikuwa bado kwenye majaribio ya kazi, sijathibitishwa.

Tulikuwa tunapiga picha kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha Mama Aikaruwa, mama mmoja mjane mwenye migomba, kahawa na ng'ombe wawili, na ulimi mkali ajabu. Kihamba chake kilipitiwa na mfongo, yaani ule mfereji wa kuleta maji kutoka mtoni huko juu. Maji ya mfongo yanakwenda kwa zamu: leo kwa huyu, kesho kwa yule. Asubuhi ile mfongo ulikuwa mkavu, na ulipita chini kabisa ya matawi ya kahawa. Nikaona, hee, kitanda hiki hapa! Nikalala humo chali, nikawa naangalia majani kwa chini. Lenzi ya ng'ambo nikaiweka kwenye kitambaa karibu na kiwiko changu, kwanza nipige tawi zima kwa ile ya kawaida.

Mama Aikaruwa akapita na majani ya ng'ombe kichwani. "Mwanangu, toka humo. Leo ni zamu yetu, wanafungua maji."

"Sawa mama, dakika mbili tu."

Dakika mbili! Hata leo nikisikia mtu anasema dakika mbili nataka kumpiga kofi. Kule kwetu kwenye miwa maji yalifunguliwa kwa mashine, na kwanza king'ora kinalia kambi nzima inasikia. Mimi nilidhani maji yote duniani yana king'ora. Haya yalikuja kimyakimya, yakisukuma majani makavu mbele yake, nikastukia mgongo umelowa. Nikaruka na kamera shingoni. Lenzi ilikwenda.

Tuliikuta vihamba viwili huko chini, imekwama kwenye gogo la kugawia maji. Kioo kimepasuka, ndani matope. Nikakaa pale chini nikalia kama mtoto. Nilimfikiria baba kule kambini, alivyowatangazia watu kwamba binti yake ana kazi ya serikali, na wadogo zangu watano wanaonisubiri niwalipie shule.

Mama Aikaruwa hakunigombeza, na alikuwa na haki ya kunigombeza. Akaenda kwenye mpaka wa kihamba chake, akakata jani la isale. Ule mmea mnauona hata leo kwenye mipaka ya vihamba, majani marefu ya kijani. Akalifunga fundo, akanipa.

"Kesho asubuhi mpelekee mkubwa wako. Usiseme maneno mengi. Yeye ni Mchagga, ataelewa."

Akanieleza kwamba mtu aliyekosa akileta isale, aliyekosewa hawezi kulikataa. Na akishalipokea, kosa limekwisha, halitajwi tena. Kwangu mimi Mnyaturu lilikuwa jani tu, lakini nikalibeba kwa mikono miwili.

Bwana Kaanaeli alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi. Akaniona, akaona jani, akabadilika uso.

"Nani kakupa hilo?"

"Mama Aikaruwa."

"Yule mama! Amenifunga mdomo hata sijaufungua!" Akazunguka pale mlangoni kama mara tatu hivi, anapumua kwa pua. Halafu akanyoosha mkono akalipokea. "Haya. Umeharibu nini?"

Nikamwambia. Akafumba macho. Alipofumbua akasema, taratibu, "Limekwisha. Sitalitaja. Lakini bango liko palepale, Salome. Kabla ya masika nitaulizwa kama uthibitishwe au urudi nyumbani. Bila picha ya mayai sina la kukutetea."

Basi ndiyo nikaanza kutafuta. Msiniulize nilivyohangaika. Nilifunga miwani ya babu wa watu mbele ya kamera kwa mpira wa baiskeli. Niliona kitu fulani, lakini kama mtu anayeangalia akiwa na homa. Ni Bwana Kaanaeli aliyekumbuka kwamba ile lenzi ya ng'ambo ilikuwa na mabomba matupu ya kuirefusha. Alisema tu, "Lile bomba ndani lilikuwa tupu," akaondoka zake. Nikakaa na hilo neno siku nzima.

Nikashuka Moshi mjini, Majengo, kwa Mzee Elinami, fundi bati. Alikuwa anatengeneza koroboi, mabeseni na vipimio vya maziwa, akikaa kwenye kigoda na jiko lake la mkaa, anayeyusha risasi ya kuungia bati. Nikamwamkia, nikamwonyesha kamera.

"Unataka nikutengenezee kamera?"

"Hapana Mzee. Nataka bomba tu. Mawili, moja liingie ndani ya jingine kwa kubana, nivute na kusukuma."

"Aa, kumbe ni kitu rahisi. Nilifikiri umekuja kunisumbua."

Akakata debe tupu la mafuta ya kula, akalikunja kwenye kipande cha bomba la maji, akaunga kwa risasi. Mabomba yakaingiana sawasawa, ukivuta yanasema fyuu. Kule nyuma tukatumia kile kifuniko cha plastiki kinachoziba mdomo wa kamera lenzi ikiwa imetolewa. Tukakitoboa katikati kwa kisu cha moto, tukakigandisha kwenye bomba. Kule mbele tukaishika lenzi ya kawaida, imegeuzwa, kwa mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa kama pete. Mzee Elinami akachungulia, akaelekeza kwenye mkono wake mwenyewe, akaruka nusura aiangushe. "Mama yangu! Hivi ngozi yangu ndiyo hii? Hii ni ngozi ya kenge!"

Alikataa kuchukua chochote. Alisema amelipwa kwa kuonyeshwa kenge.

Nilirudi mlimani nikiimba. Nikapiga mkanda mzima. Nikausafisha: picha zote nyeupe, ukungu mtupu! Nikataka kulia tena, lakini nilikwishachoka kulia. Kumbe bati linang'aa kwa ndani. Mwanga ukiingia unagongagonga kwenye kuta zake, unachafua picha. Sikilizeni hapo, maana hata leo mnakosea: bomba lolote la kamera ndani liwe jeusi, tena jeusi lisilong'aa.

Nikakwangua masizi ya koroboi, nikayakoroga na uji mzito, nikapaka. Lilipendeza kweli. Siku ya tatu mende wakala uji, masizi yakadondokea kwenye kioo. Mzee Elinami alipoliona alicheka mpaka akaweka nyundo chini. Akamwita mke wake, mwanakwaya wa usharika wao. Mama yule akaleta upindo wa joho lake la zamani la kwaya, kitambaa cheusi kizito. Tukalivisha bomba kwa ndani. Kwa hiyo mkiona bango lile la kale mahali, jueni ndani yake mna upindo wa joho la Kilutheri.

Mambo mengine niliyajifunza kwa kukosea. Ukikaa karibu hivyo, kinachoonekana vizuri ni unene wa ukucha tu, mbele na nyuma yake kote ukungu. Kwa hiyo usihangaike kuzungusha lenzi. Isogeze kamera yenyewe, mbele kidogo, nyuma kidogo, pumzi umeibana. Tundu la lenzi lifungue wazi ukitafuta, libane ukiwa tayari kufyatua. Ukilibana kunakuwa giza, kwa hiyo unahitaji jua, na jua la moja kwa moja ni kali, linachoma picha. Nilitumia kioo cha kunyolea kulirusha jua chini ya jani, na mbele ya kioo nikaweka karatasi niliyoipaka mafuta, mwanga ukalainika. Jani likitikiswa na upepo nililishika kwa kibanio cha nguo kilichofungwa kwenye kijiti.

Na kamera niliilaza juu ya soksi iliyojaa maharage. Mama Aikaruwa aliponiona na ile soksi akasimama, mikono kiunoni. "Watu wanatafuta maharage ya kula, wewe umeyavisha soksi?" Lakini kesho yake alikuja na maharage yake mwenyewe, eti yangu ni madogo, hayatulii.

Ndiye aliyekuwa anashika kioo. Hakuna aliyemwomba. Tulikuwa tunaanza asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka, yeye amejifunga khanga mbili kwa baridi. Mara ya kwanza nilipomwachia achungulie aone yale mayai, alikaa muda mrefu kwenye kamera. Alipoinua uso hakuwa anacheka.

"Haya nayaona tangu naolewa," akasema. "Nilidhani ni mavi ya mdudu. Nilikuwa nayapita."

Asubuhi hiyohiyo nilipiga ile picha. Nilijua nimepata kabla sijausafisha mkanda. Chumba cha giza kilikuwa na taa moja nyekundu, na mayai yakaanza kutokea kwenye karatasi, moja, mawili, matano, mpaka yote kumi na mbili, kila moja na kifuniko chake juu. Bwana Kaanaeli alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakuigeuza kifudifudi.

Tukaipeleka kwa mkuu wa kituo pamoja. Mkuu akavaa miwani, akaivua, akavaa tena. "Hii imepigwa kwa lenzi gani?"

Bwana Kaanaeli akaweka mkebe wetu mezani, na mipira yake na risasi yake. Mkuu akacheka sana. Akauvuta, ukasema fyuu, akacheka tena. "Kujitegemea ndiko huku, ndugu zangu! Nani ametengeneza?"

"Ndugu Salome," akasema Bwana Kaanaeli, "pamoja na fundi bati mmoja wa mjini."

Nikatabasamu mpaka masikioni. Halafu mkuu akakumbuka. Kicheko kikaisha.

"Na ile ya ng'ambo iko wapi?"

Nilimtazama Bwana Kaanaeli. Yeye hakunitazama.

"Ilichukuliwa na maji shambani, Ndugu Mkuu."

"Ikiwa mikononi mwa nani?"

"Mikononi mwangu."

Jamani. Nilikuwa na mdomo. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, na neno lilikuwa moja tu, "mimi." Alikwishalipokea isale, kwa hiyo kulitaja kosa langu hakuweza, hata kwa mkuu. Lakini mimi niliweza. Hakuna jani lililonifunga. Nikafikiria kambi ya miwa, nikamfikiria baba, nikanyamaza. Mkuu akaandika kitu kwenye karatasi yake, tukatoka. Bwana Kaanaeli akaniambia nje, "Kachape nakala tatu, karatasi isiwe na mikunjo," akaenda zake.

Nilithibitishwa kazini kabla ya masika. Yeye alikuwa anatarajiwa kupandishwa cheo mwaka ule, kila mtu alijua. Hakupandishwa. Alihamishiwa mji unaoitwa Mkuu, kule Rombo, akawa bwana shamba wa kawaida, anatembea kwa miguu kutoka kihamba hadi kihamba.

Bango lilipotoka nilichukua nakala moja nikaenda Rombo. Njia nzima nilipanga maneno. Nilimkuta nje ya ofisi yao, shati limepigwa pasi vilevile, anawaeleza kinamama wawili habari za kukata matawi. Aliponiona akafurahi, kweli akafurahi, akawaambia, "Huyu ndiye Salome wa kamera." Walipoondoka nikaanza.

"Bwana Kaanaeli, siku ile ofisini kwa mkuu nilitakiwa kusema kwamba..."

Akainua mkono. "Siku gani?"

"Ile ya lenzi."

"Mimi sina habari ya lenzi yoyote."

"Lakini ulibeba kosa lang..."

"Salome." Alisema kwa upole. "Mtu akishapokea, amepokea. Ukinishukuru utakuwa umelitaja, nami nitakuwa nimelisikia. Usinifanyie hivyo. Umeniletea nini hapo?"

Nikalikunjua bango. Akavaa miwani yake, akaliegemeza ukutani, akainama. Akahesabu kwa kidole, bila kuligusa, akinong'ona Kichagga. Alipofika mwisho akahesabu tena. Akasema, "Yote yapo," akaita watu waliokuwa ndani waje waone.

Nilikaa kwenye kazi ile miaka ishirini na sita. Niliwasomesha wadogo zangu wote watano. Baba alizeeka akiniita "mtu wa serikali" mbele ya wageni. Mzee Elinami nilimshukuru, na mke wake, na Mama Aikaruwa nilimshukuru mpaka akaniambia nimchoshe na jambo jingine. Bwana Kaanaeli amefariki siku nyingi, na mpaka anafariki hakunipa nafasi, kila nikianza aliinua mkono. Sasa hayupo wa kuinua mkono, na ninyi mmenisikia. Lenzi niliipoteza mimi. Asante, Bwana Kaanaeli.